WA, YA, VYA: Siku Kumi na Mbili za Kufuata Herufi, Tabora hadi Ujiji

Mwezi wa tisa tulipewa kazi darasani: bango la kuwekwa kwenye bomba la maji la kijiji, maneno machache tu, yasomeke kwa mbali. Nikaandika MAJI YA KUNYWA kwa herufi kubwa nyeusi, nikachapa, nikabandika ukutani, nikarudi nyuma hatua kumi. MAJI lilikuwa sawa. KUNYWA lilikuwa limekatika. K, U na N zilikaa pamoja, halafu Y peke yake, W peke yake, A peke yake, mfano wa meno yenye mapengo.

Nilikaza nafasi mpaka usiku wa manane, na kila nikikaza hapa linaachia pale. Tatizo liko kwenye mishazari. H na N zina miguu iliyosimama wima, zikiwa jirani hazina ugomvi. Y na W ni pana juu na nyembamba chini, A ni kinyume chake, kwa hiyo ukiipa kila herufi kisanduku chake, mapengo yanabaki. Wanaotengeneza fonti huyarekebisha jozi kwa jozi, na huanza na jozi za lugha wanazosoma wao. Y kufuatwa na W katika Kiingereza ni nadra. Kwetu sisi ni kunywa. Na nani anaweza kuandika mistari miwili ya Kiswahili bila wa, ya, kwa, vya?

Mwalimu wangu alilitazama bango, akaniambia niende kwa watu wanaoandika kwa brashi, nikae nao, nitazame. Nikaenda kweli. Mjomba wa mama yangu ni seremala Tabora, na Kigoma kuna boti zinazoandikwa majina kwa mkono. Nikavunja kibubu, nikafunga safari mwezi wa Novemba. Haya nayaandika nikiwa nimesharudi Dar, kutoka kwenye daftari lenye madoa ya rangi na picha mia na ushee za simu.

Siku ya 1 na ya 2. Dar – Dodoma – Tabora

Dar hadi Dodoma nilipanda treni ya SGR, daraja la kawaida, shilingi 31,000. Kitambulisho ni lazima na mizigo inakaguliwa, kwa hiyo usibebe kopo la thina. Langu liliishia getini. Tabora thina ipo kila duka la vifaa vya ujenzi. Safari yenyewe ni ya kusinzia Morogoro na kuamkia Dodoma. Nikalala gesti ya 20,000 karibu na stendi.

Alfajiri nikapanda basi la Tabora kupitia Manyoni na Itigi. Tulipoipita Itigi, tairi la nyuma likapasuka katikati ya msitu, na jeki ikagoma. Tukakaa saa tatu chini ya miombo. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshanyesha, na haukupita muda watoto wakatokea na beseni za uyoga na embe. Mama aliyekuwa kiti cha mbele yangu akanunua embe za elfu mbili, akazigawa kwa safu nzima bila kuuliza nani ni nani. Alijifunga kanga yenye jina WEMA HAUOZI. Nikamwomba niipige picha, naye akaifungua ya juu, akaitandaza kwenye nyasi pindo kwa pindo, akanishikia ncha isipeperuke.

Nimeitazama picha ile mara nyingi. Jina la kanga ni maandishi ambayo watu wetu wameyavaa mwilini kwa vizazi. Zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, karne iliyopita yakahamia za Kilatini. Kwenye kanga ya yule mama, W na E zimesogeleana mpaka zinakaribia kugusana juu, na A na U ziko hivyohivyo chini. Kuna mtu mahali fulani alizipanga kwa jicho. Sikuwa hata nimefika Tabora, na tayari jibu nusu nilikuwa nalo kwenye simu.

Tuliingia saa mbili usiku. Babu, yule mjomba wa mama, alikuwa stendi tangu saa kumi jioni, amekaa kwenye benchi la muuza kahawa, mwavuli mapajani.

Siku ya 3. Karakanani

Karakana ya babu iko nyuma ya nyumba, chini ya mwembe. Tabora ni mji wa miembe, na mwezi huo embe zinaanguka juu ya bati usiku kucha. Chai ilikuwa na matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Nikamweleza shida yangu, nikamwonyesha bango.

“Hilo ni la kompyuta,” akasema. “Sasa wewe unataka mbao zifanye nini, mjukuu wangu?”

Nilitaka nichonge alfabeti nzima ya kuchapia: herufi za mbao, uso umepakwa rangi, unagandamiza karatasi juu yake, kama walivyokuwa wakichapa mabango kabla ya mashine za leo. Babu akanipeleka kwenye rundo la mabaki ya mninga. Mninga ni mgumu lakini hauna hila, patasi inapita bila kuuchana, na mabaki yale yangekuwa kuni tu. Tukakubaliana: kila herufi ikae kwenye kipande chenye urefu wa sentimita 12, unene uleule, ili zikipangwa juu ya meza nyuso zote zilingane.

Herufi ya kuchapia huchongwa kinyume, kama mhuri. Niliogopa kwamba hilo lingetuchosha, lakini babu alizipanga karatasi zangu za vielelezo kwenye meza ya randa, akazigeuza moja moja, akaona jambo ambalo sijawahi kufundishwa. A ukiigeuza ni ileile. W ni ileile. Y, V, M, U, I, T, O, H, zote zileile. “Hizi zako zinazogombana,” akasema, “ndizo hizo zisizo na kushoto wala kulia.” Kwa hiyo WATU, HAWA, MAUA, MVUA yanachongwa bila kugeuza herufi hata moja, unageuza mpangilio tu. Siku hiyo tulichonga herufi kumi na moja. S ya kwanza niliichonga bila kuigeuza, ikabidi irudi kwenye rundo.

Kwa atakayejaribu: mninga uliokauka. Ule uliokatwa mwezi huu utapinda, na herufi iliyopinda haichapi katikati.

Siku ya 4. Karanga

Hii ndiyo siku niliyoisafiria.

Tulizipanga H na I mezani, kila moja kwenye kipande chake cha pembe nne, zikatulia. Tukaweka W na A pembeni, vipande vimegusana kabisa, lakini kwa macho kati yake palikuwa na bonde. Nikasema, tupime. Bibi alikuwa anachambua karanga barazani. Nikaomba bakuli moja. Tukazilaza herufi, tukaweka vijiti viwili juu na chini kuziba, na kumwaga karanga kwenye nafasi baina ya herufi na herufi, tabaka moja tu, mpaka pakajaa. Kati ya H na I ziliingia 14. Kati ya W na A ziliingia 52.

Babu hakushangaa idadi. Akachukua msumeno mdogo, akakata kona ya chini ya kipande cha W kwa mshazari, akifuata mguu wake wa mwisho. Akakata kona ya juu ya kipande cha A kwa mshazari uleule. Akavisukuma. A ikaingia chini ya bawa la W kama droo inavyoingia kabatini. Akafumba jicho moja, akairudisha nyuma unene wa kucha, akaacha. Nikamwaga karanga upya: 16. Nikahesabu mara mbili. Hesabu ndiyo iliyomfuata yeye.

“Na W ikikaa na H?” nikauliza, kwa sababu kona iliyokatwa ingebaki wazi na kipande kingeyumba wakati wa kuchapa. Akatafuta kipande kidogo cha pembetatu sakafuni, akakiingiza kwenye kona. Kabari. Kila W ikapata kabari zake mbili, kila A zake mbili, zimefungwa kwa uzi zisipotee.

Y na W zilitutoa jasho. Hapo hakuna wa kuingia chini ya mwenzake, zote zina mabawa juu. Ukizikaribisha, mabawa yanagongana na shimo linabaki chini. Babu alikaa nazo mpaka adhuhuri. Baada ya chakula (wali, maharage, na nsansa, mboga ya majani makavu, iliyopikwa kwa karanga za majaribio yetu) akarudi na kipande kimoja kipana, akachonga Y na W pamoja, mabawa yamegusana yakawa kitu kimoja. Shimo la chini likapungua, halikuisha.

“Pengo lisilozibika,” akasema, “usilipige ngumi. Wape na wengine kiasi hicho.”

Akavuta K, U na N zikaachana kidogo. Neno likakaa. Miezi miwili nilikuwa nikikaza Y na W, kumbe nilitakiwa kulegeza zile tatu zisizonisumbua. Nilitoka nje nikasimama chini ya mwembe peke yangu kwa muda.

Siku ya 5

Kuchapa. Rangi nyeusi ya mafuta kopo la robo lita 6,000, brashi bapa mbili 5,000, karatasi za manila 500 kila moja. Jirani mrina asali aliomba bango la kibanda chake: ASALI YA MSITU WA TABORA. Nilikuwa nimechonga A nne, nikijiona nimejiandaa. Hesabu mwenyewe: katika herufi ishirini za bango lile, sita ni A. Tulichapa nusu, tukasubiri rangi ikauke, tukahamisha A zile zile tukachapa nusu ya pili. Atakayechonga seti ya Kiswahili aanze na A kumi.

Jioni akaja kijana mwenye saluni akitaka kibao chenye neno DELUX. Alfabeti ya Kiswahili niliyofundishwa haina Q wala X, na C haitembei bila H, kwa hiyo tulikuwa tumeokoa vipande viwili. Lakini barabarani X ipo, na watu wanailipia. Babu akaichonga kwa taa ya chaji. Nadhani seti yoyote inayokwenda kwa watu iwe na X, hata kama ukuta wa darasa la kwanza hauna.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimefika Kwihara kwa bodaboda kuliona tembe alilokaa Livingstone; ni pazuri, pana utulivu, sina la kuongeza.

Siku ya 6 na ya 7. Treni ya Kigoma

Treni ya Kigoma haipiti kila siku. Uliza stesheni siku unayofika Tabora, usingoje siku ya kuondoka, na ukitaka kitanda ulizia mapema zaidi. Tuliyoitarajia jioni ilifika saa tisa usiku. Babu alikataa kurudi nyumbani. Tulikaa kwenye ngazi za stesheni ya Wajerumani tukimenya embe. Reli hii waliianza Dar mwaka 1905, ikafika Tabora 1912 na Kigoma 1914.

Njiani nilipiga picha vibao vya majina ya stesheni. Urambo, Kaliua, Nguruka, Uvinza. MALAGARASI lina A nne katika herufi kumi, na hakuna hata jozi moja ngumu. Ni neno linalotiririka kama mto wenyewe. Kaliua nilinunua asali chupa ya 7,000. Nguruka samaki wa kukaanga 2,000, moto, wamefungwa kwenye gazeti. Siti ya pembeni alikaa baba mmoja na watoto wawili, wanarudi Kasulu. Nilipolala alilihamisha begi langu la brashi kutoka dirishani kwa sababu mvua ilikuwa inaingia, akaliweka chini ya koti lake. Niliamka nikakuta yeye ndiye aliyelowa bega.

Beba maji, shuka, na chaja ya akiba. Hayo matatu tu.

Kigoma ni mwisho wa reli. Unatoka kwenye jengo jeupe la matao, Ziwa Tanganyika liko hapohapo, limefunga upeo, na ng'ambo milima ya Kongo.

Siku ya 8. Kibirizi

Fundi aliyenipokea ni rafiki wa rafiki, kijana wa miaka arobaini hivi, mwandishi wa maboti. Bahati ilikuwa upande wangu bila kujua: ilikuwa siku za mbalamwezi. Dagaa wa hapa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mkali taa haziwavuti, kwa hiyo boti hupandishwa mchangani, mafundi wanapiga kalafati kuziba nyufa, wanabadilisha mbao, wanapaka rangi. Ukitaka kuona maandishi yakiandikwa, angalia kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Bodaboda kutoka mjini hadi Kibirizi nililipa 2,000.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa boti ya ndugu wawili. Jina: WAVUVI WAWILI. Niliposikia nikalirudia moyoni herufi kwa herufi. W, A, V, U, V. Kama wangeniuliza mimi niwatungie jina la mtihani nisingepata bora.

Fundi hakupima herufi hata moja. Alipiga mistari miwili kwa uzi wenye chaki, mmoja juu mmoja chini, na mistari ile ilipinda. Nikamwambia pimamaji ninayo. Akacheka vizuri. “Dada, mstari unafuata ubao, haufuati ziwa. Ukiunyoosha, boti ikiinuka pua jina litaonekana linateleza.” Kisha akagawa nafasi kwa kiganja: kiganja kwa kila herufi, ila I kidole kimoja, W kiganja na nusu, na palipo na W na A, au A na V, akaondoa vidole viwili. Vidole viwili vile ndivyo msumeno wa babu.

Nilikaa naye karibu nikitazama ncha ya V. Aliivusha chini ya mstari wa chaki, kama unene wa kijiti cha kiberiti. Ncha ya A vilevile juu. Mgongo wa U kidogo tu. Ukiziishiza kwenye mstari, alisema, zinaonekana zinaelea. Hilo vitabuni lipo, kwamba herufi yenye ncha au duara lazima izidi kidogo ndipo ionekane sawa na zenye miguu bapa. Yeye kalipata kwa kutazama boti kutoka majini.

Mkono wa kulia anaandika, kifundo cha mkono kimeegemea fimbo iliyofungwa kitambaa kichwani, ambayo kaishika kwa mkono wa kushoto ikigusa ubao juu ya rangi mbichi. Rangi nyeupe, brashi bapa, pumzi anaibana anaposhuka na mguu wa herufi na kuitoa anapofika chini. Aliniachia herufi mbili za mwisho, L na I. Zilikuwa nene kuliko zake lakini hakuzifuta.

Saa tisa mvua ikaja kutoka ziwani bila kutuonya. Tulikimbilia turubai, watu wanne wasiotuhusu wakaacha nyavu zao wakashika kona, lakini WILI lilikuwa limeshachuruzika hadi mkukuni. Tukalifuta kwa thina na tambara. Akasema ubao uliolowa haukubali rangi ya mafuta, mpaka kesho au keshokutwa. Mama muuza chakula akatuita chini ya paa lake, ugali wa muhogo na samaki wa migebuka kwa mawese, akakataa hela yangu: “Umekuja kazini, utalipa kesho.” Nililipa kesho yake.

Siku ya 9. Ujiji

Fundi akaniambia jambo lililonibadilishia safari. Upande wa kushoto wa boti, jina linaanza mbele na kwenda nyuma, rahisi. Upande wa kulia, kwa mtu aliyesimama nje, mbele ya boti iko mkono wake wa kulia. Neno linaanza nyuma na kuishia kwenye pua. Ili lisigongane na pua inapojipinda, yeye huanza na herufi ya mwisho, anaandika kinyumenyume: I, L, I, W. Amefanya hivyo miaka ishirini. “Upande ule,” akasema, “unataka maandishi ya chuo.” Yaani ya Kiarabu, yanayoanza kulia. Na maalim wake wa utotoni yuko Ujiji.

Daladala ya Ujiji kutoka Mwanga, hapohapo Kigoma, ni nauli ndogo, sarafu za mfukoni. Wengi hushuka kwenda kuona kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, waliokutana hapa mwaka 1871. Sisi tulikata vichochoro.

Maalim alitupokea barazani, kofia nyeupe, miwani imefungwa uzi. Nilimwamkia, nikaketi mkekani, fundi akaeleza. Mzee akanyamaza, akaomba kalamu yake iletwe. Ni kalamu ya mtete, ncha imekatwa mshazari. Kabla ya kuandika neno lolote aliweka nukta juu ya karatasi: kalamu inagusa, inavutwa kidogo, inaacha umbo la almasi. Akaweka nukta juu ya nukta, akachora alifu, herufi ya mstari uliosimama, pembeni yake, ili nione kwamba urefu wa herufi hupimwa kwa nukta ya kalamu ileile inayoiandika. Kalamu nene, herufi ndefu. Kalamu nyembamba, herufi fupi. Rula haiingii kabisa.

Nikamuuliza kuhusu nafasi baina ya herufi. Alinitazama kama niliyeuliza nafasi baina ya kidole na kiganja. “Hizi zinashikana mikono, mwanangu. Ile isiyoshika, kama waw, ile ya w, na alifu, unaisogeza mpaka mwenzake asijione mpweke.”

Kisha akatufundisha jinsi wazee wa Ujiji walivyoandika barua za Kiswahili kwa herufi hizi. Kiarabu hakina p wala ch wala v, na irabu fupi zake ni tatu, zetu ni tano. Kwa p waliiongezea ba nukta zikawa tatu chini. Kwa ch, jim nayo ikapata tatu. V wengine waliandika fa tu, wakamwachia msomaji ajue mwenyewe. Wengine waliipa fa nukta tatu juu. Kasra, alama ya chini ya herufi, ikasimama kwa i na kwa e, dhuma, alama ya juu, kwa u na kwa o. Alisema barua ya mama yake alikuwa akiisoma kwa sauti kwanza, ndipo anajua ni “mto” au “mtu”.

Akaandika WAVUVI WAWILI mara tano, akachagua ya nne, akaikausha kwa kuipeperusha. Hakutaka malipo. Nilimwachia brashi mpya na robo ya asali ya Kaliua.

Siku ya 10

Asubuhi jua kali, ubao mkavu. Fundi alirudia WILI upande wa kushoto, mimi nikakuza karatasi ya maalim kwa miraba ya chaki upande wa kulia, mraba wa kidole kuwa mraba wa kiganja. Kaka mkubwa wa wale ndugu alikuja kuuliza, akasikiliza, akasema sawa mradi namba ya usajili isiguswe. Fundi alianza kwenye pua kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini upande huo, akaenda nyuma kwa raha, mkono wake haukusita. Nukta tatu za v aliziweka kwa brashi bapa iliyogeuzwa mshazari, gusa, vuta, inua. Zikatoka almasi.

Kama utapiga picha ufukweni, muombe mwenye boti. Na upande wa bandari ya mjini uulize kabla hujatoa simu. Kutoka kilimani juu ya bandari nilimsikiliza mzee mmoja akisimulia habari za meli ya MV Liemba: iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa vipandevipande hadi hapa kwa reli, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927 na jina jipya. Niliandika majina yote mawili daftarini. GRAF VON GOETZEN, herufi kumi na nne. LIEMBA, sita.

Siku ya 11

Kusubiri rangi ikauke. Nilifua, nikaandika, nikala kuhe, samaki wa ziwani, wa kuchoma kwa 8,000.

Siku ya 12

Boti ilishushwa saa kumi jioni. Watu ishirini na zaidi, magogo chini, wimbo wa kusukumia. Kabla haijagusa maji, mdogo wa wale ndugu, ambaye siku zote zile alikuwa Katonga kununua nyavu, akazunguka upande wa kulia akakuta maandishi asiyoyatarajia. Alisoma chuo utotoni, Kiarabu cha juzuu, hakuwahi kuona Kiswahili chake mwenyewe kimevaa herufi zile. Akaweka kidole kwenye waw ya kwanza, karibu na pua ya boti, akatembea nayo akitamka kwa sauti ya chini, alifu, nukta tatu akasimama, akarudia, akaendelea hadi ya mwisho.

“Kumbe ni sisi,” akasema.

Kaka yake akamwita ashike kamba. Wakasukuma.